Bati Zangu Ziko Kisiginoni

Jirani, nikuulize kitu. Umeshawahi kuuziwa damu yako mwenyewe? Sisemi damu ya kuchangiwa. Hiyo naielewa, mtu kapata ajali, ndugu wanapanga foleni. Nasema damu yako wewe. Uliyoilisha dagaa na maharage miaka yote. Inatolewa mkononi, inapelekwa chumba cha pili, inazungushwa, inarudi, inachomwa mguuni mwako mwenyewe, halafu unapewa risiti. Na unasema asante sana daktari. Mimi nimesema. Kulikuwa na kiyoyozi, na penye kiyoyozi mimi huwa sigombi.

Chanzo cha yote ni supu. Mtaani kwetu kuna kikundi cha joging. Unawajua. Jumamosi alfajiri, fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo za kuwasema waliolala. Mimi nilikuwa kati ya waliolala. Sikuona ubaya wowote. Tatizo wakimaliza kukimbia wanakaa pale kwa mama ntilie wanakunywa supu ya makongoro, na harufu inaingia dirishani kwangu moja kwa moja. Nikauliza, hiyo supu masharti yake nini? Wakasema ukimbie kwanza. Basi. Mtu ambaye zoezi lake ni kutafuta rimoti chini ya kochi, nikanunua raba za mtumba, namba moja pungufu kwa sababu zilikuwa za bei nzuri, nikaingia barabarani na vijana ambao mimi naweza kuwazaa.

Supu niliipata. Haki ya Mungu supu ilikuwa nzuri.

Ila nyuma ya mguu, pale juu kidogo ya kisigino, pakaanza kuuma. Wala hakukuwa na kuanguka wala kuteguka. Maumivu yalikuja taratibu, kwa adabu. Mwanzoni ni asubuhi tu. Nashuka kitandani, natembea kwa ncha za vidole mpaka mlangoni, mithili ya bata aliyekanyaga kaa la moto. Nikizunguka zunguka ndani yanaachia. Nasema nimepona. Jumamosi naenda kukimbia tena. Jumapili nashindwa kwenda hata chooni. Pakavimba. Ukipagusa pamekuwa pagumu, pana uvimbe, ukipabinya unaona nyota mchana.

Sasa ukiugua mtaani kwetu usiseme kwa sauti. Mangi wa dukani akasema maji ya moto na chumvi. Nikanunua chumvi kwake. Fundi viatu akasema barafu. Mama mkwe akapiga simu kutoka kijijini, akauliza kwa upole kama kuna mtu yeyote nimegombana naye karibuni. Nikataja wachache. Akaguna. Jirani wa nyuma akanipeleka kwa mzee mmoja anayeumika. Mzee wa watu akanichanja chanja, akabandika pembe, akavuta, akanionyesha damu nyeusi kwenye sahani ya bati. Akasema hii ndiyo ilikuwa inakusumbua. Akaimwaga. Akachukua elfu kadhaa na kuku.

Kumbuka hapo, jirani. Mzee alitoa damu akaimwaga kwa elfu kadhaa. Hospitali wakatoa damu, hawakumwaga yote, na bili ikaja na karatasi ya pili.

Maana nilikwenda hospitali. Ya binafsi. Nilikuwa na hela. Nasema hivi kwa sauti ya chini kwa sababu ile hela ilikuwa na kazi yake. Tuna kiwanja nje ya mji. Kuta zimesimama. Kenchi ziko juu. Kilichobaki ni bati. Mama watoto alikuwa ameshachagua hadi rangi, ile nyekundu ya kuiva, ameshawatangazia wenzake wa kikoba. Hela ya bati nilikabidhiwa mimi kwa sababu mimi ndiye mwanaume wa nyumba na mwanaume anajua kupatana na wenye hadwea. Basi hela iko mfukoni, mguu unauma, kiyoyozi kinapuliza. Hapo nani angepona?

Daktari alikuwa kijana. Msafi. Akaniita mzee wangu. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mzee ameingia. Hakuna. Akanilaza kifudifudi, akabinya misuli ya nyuma ya mguu, unyayo ukacheza. Akasema vizuri, haijakatika. Nikafurahi kusikia kuna kitu changu hakijakatika. Halafu akasema, tatizo lako ni Achilles. Nikamuuliza huyo Achilles zamu yake lini, niongee naye mwenyewe. Akatazamana na nesi. Kumbe ndiyo jina la kano lenyewe. Lile linalounganisha msuli wa nyuma ya mguu na mfupa wa kisigino. Nene kuliko yote mwilini, na ndilo linalokubeba ukikimbia. Mimi nalo nilikuwa silijui hata kwa sura.

Akaniuliza maswali ya ajabu. Umekunywa sipro karibuni? Nikasema hiyo ya tumbo? Nimekunywa. Nilinunua duka la dawa baada ya ile supu kuniendesha. Akaandika. Akasema kundi hilo la dawa za bakteria linajulikana kudhuru makano, na Marekani kule mamlaka yao ya dawa iliamuru tangu 2008 liwekewe onyo kali kwenye boksi. Mimi boksi sikupewa. Nilipewa vidonge vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari la hesabu. Onyo pekee lililoandikwa pale lilikuwa saba mara nane.

Halafu ndipo akaniambia habari za damu. Anasema kano ni kitu bahili. Halipati damu nyingi kama msuli, na pale juu ya kisigino ndipo inapofika kidogo kabisa. Kwa hiyo ukiliumiza, linapona kwa mwendo wa kinyonga, na lisipopewa nafasi linapona vibaya, nyuzi zake zinakuwa shaghala baghala. Sasa ndani ya damu kuna vitu vinaitwa chembe sahani. Vidogo sana. Ukijikata ndivyo vinavyokimbilia kuziba. Lakini vikifika vinafungua na mizigo, vichocheo vya ukuaji, vinavyowaita mafundi wengine wa mwili waje kujenga. Tone dogo la damu, milimita moja ya ujazo, lina chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Wao wanazikusanya ziwe mara kadhaa ya hapo, wanazipeleka palepale kwenye ubovu. Wanaiita PRP. Mimi nikaitikia, eeh, eeh, sawasawa. Nilikuwa nimepotea tangu milimita ya ujazo.

Nikamuuliza, hii kitu mmeitoa wapi? Akasema iliwika kwanza kwa madaktari wa taya. Mwaka 1998 daktari mmoja Marekani, Robert Marx, na wenzake walitangaza kwamba wameitumia kwenye kupandikiza mifupa ya taya. Nikamwambia daktari, samahani, mimi nimekuja na mguu. Akasema ndiyo, ikashuka mpaka miguuni. Nikasema sawa, kama imeanzia juu, lazima itashuka.

Halafu wachezaji. Hapo ndipo aliponimaliza. Ukutani kuna picha za wanamichezo wanaruka. Anasema mwaka 2009 kulikuwa na mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Hines Ward wa Pittsburgh Steelers, goti lilimgomea kabla ya fainali yao kubwa, wakamchoma damu yake mwenyewe, akacheza, na timu ikachukua kombe, 27 kwa 23. Tiger Woods naye wa gofu kachomwa. Rafael Nadal na magoti yake kachomwa. Nikaona hii siyo hospitali, hii ni kambi ya timu ya taifa. Nikavuta tumbo ndani.

Akaongeza kwamba mwaka 2010 wakubwa wanaopambana na dawa haramu michezoni walikataza kuichoma kwenye msuli, na mwaka 2011 wakaruhusu. Jirani, nilistuka. Nikamuuliza kwa siri, na sisi wa joging ya mtaani tunapimwa? Akasema mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Hakucheka hata kidogo. Nafikiri alishanizoea.

Bei sitaitaja. Gazeti hili linafungiwa vitumbua pale kwa mama ntilie na mama watoto ni mteja.

Siku ya siku ikafika. Nikaambiwa kabla yake nisinywe diklofenaki, nisinywe brufeni, nisinywe aspirini, maana hizo zinazifanya chembe sahani zisifanye kazi. Yaani mtu anaumwa, anakwenda kwenye sindano, na dawa zote za maumivu anazozijua zimefungiwa. Nesi akanifunga mpira mkononi akatafuta mshipa. Akapapasa. Akapiga piga. Akabadili mkono. Akasema baba, mishipa yako imejificha. Nikasema imesikia bei. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Mwishowe wakapata, na damu ikawa inatoka kwa kusuasua, inasita, kama na yenyewe ina mashaka na mradi mzima.

Wakaitia kwenye mashine ya kuzungushia. Nikaomba nione, mali yangu ile. Ikazunguka robo saa hivi, inavuma. Ilipotoka kila kitu kimejipanga. Chini nyekundu, nzito. Katikati kijimstari chembamba cheupe. Juu maji ya njano, ndiyo plazima. Mtaalamu akavuta na bomba la sindano pale juu ya ule mstari. Akaniinulia. Ni kiasi cha kijiko. Kijiko! Nikauliza, na hii nyekundu iliyobaki? Akasema tunatupa. Nikamwambia dada yangu, hiyo ndiyo nyingi, na yote nimelipia, hamwezi hata kunifungia? Akadhani natania.

Sasa twende kwenye aibu yenyewe. Naambiwa nivue viatu, nilale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda. Soksi ya kulia nilikuwa nimeiandaa. Mpya. Mguu unaoumwa ni wa kushoto. Soksi ya kushoto ina tundu, na tunduni kidole gumba kimekaa kinachungulia watu. Nesi akaivua kwa vidole viwili. Chini yake magaga. Jirani, magaga yangu mimi unaweza kuficha sarafu. Akachukua pamba na dawa ya kusafishia, akapangusa kisigino. Pamba ikarudi ya kahawia. Akachukua nyingine. Kahawia. Akachukua nyingine. Akasimama, akamtazama daktari. Daktari akasema endelea tu. Alisugua mkono ukachoka, akaubadili. Mimi uso nimeufukia kwenye mto, nasikia anahema. Asubuhi ile nilioga, naapa. Ila mwanaume akioga anaishia magotini, mengine maji yanajishukia yenyewe.

Daktari akaweka mashine ya altrasaundi. Akageuza kioo nione. Unaona pale, kano limenenepa. Niliona mawingu. Nikasema naona. Unaona na mishipa midogo imeota pasipotakiwa? Naona. Nikasikitika moyoni kwamba mwili mzima umenenepa, hata kano halikutaka kubaki nyuma.

Halafu akachoma.

Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia. Nilijiambia Nadal alivumilia. Lakini sidhani Nadal alichomwa huku amekunjwa shingo ukutani na anasikia pamba zake zinatupwa moja moja kwenye ndoo. Ile sindano inaingia, inasukuma, inatoka kidogo, inaingia pembeni, inasukuma tena. Niliita mama. Mama yangu marehemu. Nikamwita shangazi. Nikaomba radhi kwa watu ambao sijawahi kuwakosea. Nilipotoka, kwenye kiti cha kusubiria kulikuwa na mama mmoja anayeumwa kiwiko, nilimwacha pale wakati naingia. Kiti kilikuwa kitupu. Nikasikia mlango wa nje unajifunga.

Nikaondoka na paracetamol na karatasi. Nyumbani nikasema nimekanyaga msumari.

Siku zilizofuata mguu uliuma kuliko mwanzo. Nikapiga simu. Wakasema ndiyo, huo ndiyo uponyaji unaanza, usimeze diklofenaki. Yaani maumivu niliyoyalipia ili yaondoke, nikaambiwa yapo kazini. Na kitu kimoja hawakukisema mpaka nilipouliza mimi: hizo chembe sahani zenyewe huishi siku 7 hadi 10, basi, zinakufa. Bati la geji nzuri, jirani, mwenye duka anakuandikia miaka.

Ukaja mwito wa fizio. Binti mmoja mwembamba, sauti ndogo, roho ngumu. Akasema sindano ni sawa, lakini kano linajengwa kwa kazi. Panda kwenye ngazi, simama kwa ncha ya mguu, shusha kisigino polepole chini ya usawa wa ngazi. Panda. Shusha. Goti limenyooka, kisha goti limekunjwa kidogo. Mara 180 kwa siku, wiki 12. Nikamwuliza mia na themanini kwa mwezi? Akasema kwa siku, baba. Na ikiuma? Ikiuma endelea, mradi isizidi ya kuvumilika. Na isipouma? Beba mzigo mgongoni.

Nikasema huyu aliyebuni hili atakuwa ana kinyongo na watu. Binti akasema aliyelitangaza ni daktari Mswidi, Håkan Alfredson. Yeye mwenyewe kano la kisigino lilimsumbua. Akaenda kwa mkubwa wake wa kazi, akasema nifanyie upasuaji. Mkubwa akakataa. Alfredson akakasirika, akaamua kulichosha kano makusudi kwa mazoezi ya kulitesa mpaka liharibike kabisa, ili mkubwa akose sababu ya kukataa. Badala ya kuharibika, likapona. Mwaka 1998 akatangaza matokeo ya wakimbiaji 15 aliowapa zoezi hilohilo, wote wakarudi kukimbia. Jirani, mimi nimewahi kumkasirikia bosi. Sikupona kitu. Nilikatwa mshahara.

Tena nyumba yetu ni ya chini. Ngazi sina. Sehemu pekee yenye kingo ya kushushia kisigino ni baraza la mbele, linalotazamana na duka la Mangi. Basi picha unayo. Asubuhi na jioni, mtu mzima kajishika kwenye nguzo, anapanda anashuka, mgongoni kabeba begi la shule la mtoto lenye picha ya katuni, ndani kuna unga wa sembe. Wateja wa Mangi wakaacha kununua wakawa wanatazama. Watoto wakaja kuhesabu. Wanahesabu vibaya makusudi, wakifika hamsini wanarudi arobaini. Mwendesha bodaboda mmoja akaniuliza kama natengeneza tiktok. Kikundi cha joging kikapita, kikanitungia wimbo.

Lakini mguu ukaanza kuachia. Kweli kabisa. Asubuhi naweza kukanyaga. Nikaanza kutembea kifua mbele. Nikawa namtetea daktari hadharani. Nikamwambia Mangi, damu bwana, sayansi bwana, hata Tiger Woods.

Ndipo akaja mpwa wangu. Mtoto wa dada, anasoma udaktari, akija kwetu anamaliza ubwabwa na data. Nikamweleza kwa kujidai habari ya PRP, tukiwa wawili, kwa sauti ya chini. Akatabasamu. Mimi tabasamu la msomi silipendi. Akatoa simu.

Anko, anasema, kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010. Daktari de Vos na wenzake. Walichukua watu 54 wenye kisigino kama chako. Nusu wakachomwa PRP, nusu wakachomwa maji ya chumvi. Wote wakapewa lile zoezi la kushusha kisigino. Wakapimwa baada ya wiki 24, kwa alama za mia. Wa damu walipanda alama 21.7. Wa maji ya chumvi walipanda 20.5. Hapo tofauti hakuna, Anko.

Nikanyamaza. Nikauliza, maji ya chumvi ya namna gani? Ya hospitali, Anko, safi, ya sindano. Nikawaza ile pakiti ya Mangi. Mangi alisema chumvi tangu siku ya kwanza!

Nikasema huo ni mmoja tu, tena Waholanzi. Akasema Uingereza mwaka 2021, watu 240, safari hii nusu walipata sindano ya kuzuga, imechoma ngozi tu, haikuingiza kitu. Miezi sita baadaye hakuna tofauti. Na waliokatika kano kabisa? Uingereza tena, 2019, watu 230 kwenye hospitali 19, wakachomwa, wapi. Nikamkumbuka yule mama aliyekimbia. Nikasema basi kwenye kiwiko itakuwa inafanya kazi. Akasema kiwiko kiliwapa watu matumaini sana. Mwaka 2006 utafiti mdogo wa Mishra na Pavelko ulionyesha watu wanapata nafuu kubwa. Lakini mwaka 2021 wapitiaji wa Cochrane walikusanya tafiti 32, watu zaidi ya 2,300, wakaona kwa uwezekano mkubwa haisaidii kwa maana yoyote. Yaani yule mama aliokoa hela yake kwa kuogopa kelele zangu. Mimi nimemfanyia hisani mtu nisiyemjua, na hata soda hakuninunulia.

Mpwa wangu naye ana haki yake, akajaribu kunipoza. Akasema daktari wako hajakuibia, Anko, wapo wataalamu wanaoiamini, na kila mashine inatoa PRP tofauti, nyingine ina chembe nyeupe nyingi, nyingine kidogo, nyingine nzito, nyingine nyepesi, kwa hiyo wanabishana mpaka leo. Nikamwambia lakini mimi nimepata nafuu! Unaniona natembea! Akasema ndiyo Anko, na wale wa maji ya chumvi nao walitembea.

Hapo ndipo akauliza swali ambalo mtoto aliyelelewa vizuri haulizi. Tena hakunong'ona. Sauti yake yote ya darasani. Kwani Anko, ulilipa kiasi gani?

Jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria.

Nikasema mbona ubwabwa unaungua. Hakuna aliyenijibu. Mama watoto akatokea mlangoni anafuta mikono na kanga. Hakuuliza habari za damu. Hakuuliza habari za Uholanzi. Aliuliza bati ziko wapi. Kwa upole, baba watoto, zile bati ulisema zimeadimika kiwandani, ziko wapi? Nikautazama mguu. Naye akautazama. Mpwa wangu akakumbuka ana mtihani.

Jirani, tangu siku hiyo sijapigwa, sijanuniwa, napewa chakula kwa wakati. Ningependa kununiwa. Badala yake mama watoto amepata hamu kubwa na afya yangu. Amejifunza lile zoezi lote kwa mpwa wangu kwa simu. Kijana alijaribu kunitetea, akasema Anko si lazima afike 180, mwaka 2014 watafiti wengine waliona hata anayefanya kadiri anavyoweza anapona vilevile. Mama watoto akasema simu haisikiki vizuri. Unga wa sembe kwenye begi umeongezeka, sijui lini. Na watoto wa mtaani amewafukuza, hesabu anashika yeye, amekaa kwenye kigoda na ungo wake wa mchele, hatazami, anasikiliza tu kisigino kinavyoshuka. Nikikwepa moja anaijua. Jana jioni nilifika mia na sabini na kitu, natetemeka, jasho mpaka kwenye katuni, Mangi kafunga duka aje aone vizuri. Mama watoto akainua kichwa. Akasema, hee, baba watoto, nimepoteza hesabu. Anza moja.